Chumvi ya Wenye Msitu

Juzi nilipokwenda kumsalimia mama kule Ihanda, niliona moshi msituni, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni. Mvua ilikuwa imekatika, maua ya kahawa yakinukia, na moshi mweupe ulikuwa ukipanda taratibu kutoka kwenye miti ileile.

"Mama, kule nani anapika?"

"Wenye msitu," alijibu huku akipalilia, akijizuia kucheka. "Wapelekee chumvi."

Nikafunga chumvi kwenye jani la mgomba, nikaiacha msituni juu ya mzizi wa mti. Kesho yake haikuwepo. Nilitamba wiki nzima kwamba wamekula.

Kumbe moshi ule wa utotoni ulikuwa ukungu, na chumvi ilikwenda na mvua. Moshi wa juzi ulikuwa wa tanuri la mkaa. Mama alinishika mkono.

"Hawa wachoma mkaa," alisema, "usiwapelekee chumvi."