Umri wa Zamzam

Bi Mboni alipita Kariakoo kama mtu anayetembea usingizini. Alikuwa mkunga, na nusu ya watu wa mitaa ile walipitia mikononi mwake. Muuza vitunguu mwenye ndevu akimsalimia, yeye humwona kichanga aliyezaliwa amefumba ngumi. Moshi wa kahawa ukitanda, sura za wakubwa na za watoto wachanga huchanganyika machoni pake, naye huzubaa katikati ya njia, akitabasamu.

Asubuhi moja ya mwaka 1954, Awadhi muuza mikeka alimfuata nyumbani.

"Bi Mboni, binti yangu Zamzam anaolewa mwezi ujao. Nataka uwe kungwi wake."

"Yule niliyemzalisha juzi?"

Awadhi alicheka. "Juzi gani? Ananifikia begani."

Bi Mboni alimkuta Zamzam uani kwao, akicheza mdako.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeambiwa habari ya posa?"

"Ndiyo."

"Ukasemaje?"

"Sikuulizwa." Akarusha kijiwe, akakidaka.

Siku ile Bi Mboni alijilaza mkekani, na mchana ukamchukua mbali. Alijiona mwenyewe, bibi harusi mdogo, kanga ndefu mno, akiikanyaga kila hatua. Wazee walimuuliza, akanyamaza, nao wakasema amekubali. Mwaka uliofuata alimzika mtoto wake wa kwanza, yeye mwenyewe akiponea chupuchupu katika uzazi. Alikuwa amewafunda wasichana wengi tangu hapo, na hakuwahi kumweleza hata mmoja habari ile.

Alipoamka alimpelekea ujumbe Awadhi kwamba hatakuwa kungwi. Kisha akaenda kwa shangazi yake Zamzam, na shangazi akafungua shauri barazani kwa hakimu.

Watu walijaa. Hakimu aliuliza jambo moja tu: msichana ana miaka mingapi? Hapo mzozo ukaanza. Awadhi alisema kumi na sita. Mzee mmoja akasema miaka ni mambo ya serikali, mtu hutazamwa mwili. Mwingine akasema binti kanyamaza, na kunyamaza ni kukubali.

Bi Mboni alisimama. "Mimi nilinyamaza, mheshimiwa. Sikukubali. Sikujua nilichokuwa nikiulizwa."



"Na umri wake?" hakimu akauliza. "Ana cheti cha kuzaliwa?"

Zamzam hakuwa na cheti. Lakini Bi Mboni alikuwa akiiona asubuhi ile kama iko mbele yake: mwaka wa vita, foleni ya mchele, mvua inapiga mabati. Alikuwa ametoka kumkata kitovu Zamzam alipoitwa mbio nyumba ya jirani, kwa Shobhana, mke wa muuza vitambaa, ambaye daktari wake alikuwa amechelewa. Jua halijapanda, akamzalisha mtoto wake, Jasvanti. Na Wahindi, watu wa Shobhana, waliandikisha watoto wao serikalini.

Bi Mboni aliyaeleza hayo, na Shobhana akaitwa. Alikuja na cheti cha Jasvanti, karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya kibweta cha bati. Karani aliisoma kwa sauti: tarehe, mwezi, mwaka 1942.

"Kumi na mbili," hakimu alisema. Ndoa ikazuiwa mpaka msichana akue na aulizwe mwenyewe.

Awadhi alitoka bila kumtazama mtu. Miezi mingi nyumba nyingi hazikumwita Bi Mboni. Wengine walisema amewaanika wazee hadharani. Alivumilia. Alichambua mchele kibarazani, akisikia vilio vya watoto aliowahi kuwapokea vikimjia kama vinatoka ng'ambo ya maji. Kisha uchungu wa mwanamke mmoja ukashtukiza, mkunga mwingine hakuwepo, wakamwita. Baada ya huyo wakamwita wengine.

Mwaka 1959 Zamzam, sasa mshonaji kwa shangazi yake, alipita kumwona.

"Kuna mtu ameniposa, bibi. Nimemwambia asubiri."

"Amekubali?"

"Asipokubali, basi."

Bi Mboni alicheka mpaka machozi yakamtoka.