Shemeji Eleuterio na Lango la Jenerali

Shemeji yangu Eleuterio Apaza ni fundi wa kuziba pancha hapa kwetu Coripata, na kwa miaka ishirini na tatu alikuwa ndiye mjuzi wetu wa mji wa La Paz. Alitumikia jeshi kule mwaka mmoja akiwa kijana, na tangu arudi hakukanyaga tena. Lakini mtu yeyote mwenye safari ya mjini, awe anapeleka mgonjwa au anafuatilia hati ya shamba, alipitia kwanza kwa Eleuterio. Yeye aliweka tairi chini, akachora mitaa kwa spana kwenye vumbi: hapa kanisa, hapa soko, hapa unakata kushoto. Waliopotea hawakurudi kumlaumu. Walidhani wao ndio waliokosea kukata kushoto.

Hadithi yake kubwa ilikuwa ya jenerali. Siku moja, alisema, alikuwa zamu kwenye lango la kambi, mara akatokea jenerali kwa miguu, amejaa nyota mabegani, lakini neno la siri halijui. Eleuterio akamwelekezea bunduki. "Bila neno la siri, mkuu, hata mama yangu mzazi hapiti." Jenerali akageuka akarudi alikotoka. Madereva waliokuwa wakisubiri matairi yao waliisikia hadithi hiyo mara nyingi, hata wengine wakawa wanamsaidia kuimalizia.

Aliyeisikia zaidi ya wote ni binti yake, Yhovana. Alipokaribia kutimiza miaka tisa, dada yangu Benita alimuuliza anataka nini siku yake ya kuzaliwa. Wenzake huomba baiskeli. Yeye akajibu, "Nataka baba anipeleke La Paz nikalione lile lango. Halafu tupande gari la waya, lile linaloning'inia angani."

Eleuterio alikuwa anakunywa kahawa, akapaliwa.

"Mvua hizi," akasema. "Barabara itaporomoka."

"Mvua ziliisha mwezi wa tatu," akasema Benita.

"Na kazi je? Gari la padri lina pancha mbili."

Hapo mama yetu, doña Nicolasa, ambaye alikuwa anachambua majani ya koka mlangoni bila kuinua macho, akamwambia, "Mkwe wangu, padri ana miguu. Mtoto ana miaka tisa mara moja tu. Mimi naoka keki."

Ikawa imekwisha. Mama akiokea mtu keki, hakuna serikali inayoweza kuzuia.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri kwa basi dogo: Eleuterio, Benita, Yhovana, Mama na mimi. Eleuterio alivaa suruali yake nyeupe ya harusi, maana mtu anayerudi kambini kwake baada ya miaka ishirini na tatu hawezi kwenda na ovaroli. Mama alivaa sketi zake zote tatu na kofia yake ya bakuli. Keki nilipakata mimi. Eleuterio alipewa ashike chupa ya lita mbili ya juisi ya pesheni, ambayo Mama aliitengeneza siku tatu kabla ili "ikolee".

Kutoka kwetu hadi mjini lazima uvuke mlima, na kule juu kabisa hewa ni nyepesi hata pakiti za krispi huvimba kama mito ya kulalia. Tulipofika kileleni dereva akasimama kumwagia Mama Ardhi tone la pombe, kama ilivyo desturi. Katika ule utulivu tukasikia chupa inaanza kulia: ssss.

"Mama," akasema Eleuterio taratibu, "hii juisi inapumua."

"Ifungue kidogo," Mama akamwambia.

Hapakuwa na kidogo. Kifuniko kiliruka hadi kwenye kioo cha dereva, na lita mbili za pesheni iliyochacha zikaishia kwenye suruali ya harusi. Abiria walicheka hadi wengine wakaishiwa pumzi, maana kule juu kucheka ni kazi ya mapafu. Mama alichungulia chupa tupu, akasema, "Ilikuwa imekolea vizuri."

Tukaingia La Paz saa tatu asubuhi, shemeji yangu akiwa wa manjano kuanzia kiunoni hadi magotini.

Mjini aliongoza yeye. Alitembea hatua tano mbele yetu, mikono nyuma, akionyesha majengo kwa kidevu. "Hapa palikuwa na duka la kofia. Hapa tulikuwa tunakata kushoto." Tulikata kushoto. Kona iliyofuata tukakata kushoto tena. Baada ya robo saa tukampita mpiga kiwi mmoja aliyekaa kwenye kigoda, uso ameufunika kwa kofia ya sufu kama walivyo wapiga kiwi wote wa mji huo. Baada ya nusu saa tukampita tena. Mara ya tatu yule mpiga kiwi aliinua brashi akatusalimu kama jamaa wa siku nyingi.

"Bosi," akamwambia Eleuterio, "viatu vyako navijua sasa. Nikupigie na suruali?"

"Mji umebadilika," Eleuterio akatuambia.

"Huyu hajabadilika," akasema Mama, akimwonyesha mpiga kiwi. "Uliza njia, mkwe."

"Niulize njia ya kambi yangu mwenyewe?"

"Basi wacha niulize mimi."

"Mama, nakuomba. Mtoto anasikia."

Yhovana alikuwa anasikia kweli. Alikuwa amemshika baba yake kidole na anatazama juu, kwenye vibanda vya gari la waya vilivyokuwa vinapita polepole juu ya mapaa.

Tukafika kwenye barabara kubwa yenye magari yasiyo na huruma, na hapo ndipo tulipokutana na pundamilia. Pundamilia wa La Paz ni watu wanaovaa vazi la mnyama huyo, kichwa na masikio na mkia, wakivusha watu barabara na kuwaaibisha madereva wanaopita taa nyekundu. Huyu alikuwa mnene kidogo na anacheza kiuno. Alimshika Yhovana mkono mmoja na Eleuterio mkono wa pili, akawavusha. Sisi wengine tukafuata na keki.

Tulipofika ng'ambo Eleuterio hakumwachia pundamilia mkono. Nimeshafikiria sana kwa nini, na nadhani ni hivi: kumuuliza mtu njia kungemvunjia heshima, lakini pundamilia si mtu. Akakisogeza kinywa kwenye sikio la kitambaa, akanong'ona. Ila sikio la pundamilia ni la pamba, halisikii, na mwenye sikio la kweli yuko ndani huko. Kwa hiyo pundamilia akasema kwa sauti ya mwanamke mzima, "Ongea kwa nguvu, kaka, humu ndani ni kama kwenye pipa."

Eleuterio akaongea kwa nguvu.

"Dada, natafuta kambi ya jeshi ya hapa mjini, niliyotumikia. Nimemwahidi mtoto lango. Mimi hilo lango nimelipita mara mbili tu, siku ya kuingia na siku ya kutoka. Mwaka mzima nilikuwa jikoni namenya viazi. Nilikuwa natoka Jumapili kwa mlango wa jikoni, nakwenda kwa shangazi yangu, nalala hadi jioni, narudi. Huu mji siujui. Sijui hata hapa ni wapi."

Pundamilia akainamisha kichwa kikubwa akamtazama, kisha akatazama nyuma yake. Eleuterio naye akageuka. Yhovana alikuwa amesimama pale pale, bado ameshikwa na mkono wa pili wa pundamilia.

Benita akataka kusema neno, Mama akamfinya.

"Ulikuwa unamenya viazi?" Yhovana akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Vya watu wangapi?"

"Mia nne. Asubuhi na jioni."

Mtoto akafikiri. Alikuwa na ule uso anaouvaa akifanya hesabu za kugawanya.

"Na jenerali? Hakuwepo?"

"Jenerali alikuwepo," akasema Eleuterio, na masikio yalimwiva mekundu. "Alikuja jikoni siku moja, ameshika bakuli, akaomba supu ya kuongezea. Nikamwambia imekwisha."

"Ilikuwa imekwisha?"

"Hapana. Ilibaki chungu kizima. Tulikuwa tumeificha, sisi wa jikoni, tule baadaye."

"Akafanya nini?"

"Akageuka akarudi alikotoka."

"Basi ulimzuia," akasema Yhovana.

Pundamilia alipiga makofi kwa kwato zake laini. "Baba yangu alikuwa anaosha masufuria katika kambi hiyo hiyo," akasema. "Lango lenyewe walishalibomoa, wakajenga ukuta. Lakini mkipanda gari la waya pale, mtaiona kambi yote mpaka nguo walizoanika." Akatuonyesha kituo kwa mkia. Kilikuwa nyuma yetu, mkono wa kulia, hatua mia moja kutoka kwa mpiga kiwi.

Kibanda cha gari la waya hukaa watu kumi. Tuliingia watano pamoja na manesi wawili waliotoka kazini na mzee mwenye fungu la mifagio. Milango ilipojifunga na ardhi ikatuacha, tukagundua jambo jingine kuhusu Eleuterio. Alifumba macho, akashika ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

"Nasinzia kidogo," akasema.

"Sinzia, mkwe," Mama akamwambia. "Tutakuamsha tukianguka."

Manesi wakacheka, na kutoka hapo tukawa watu wa nyumba moja. Mama akaona hakuna mahali pazuri zaidi pa kukata keki. Mshumaa hauruhusiwi mle, mzee wa mifagio akatuambia, basi tukauchomeka bila kuuwasha tukaimba hivyo hivyo. Nikaiweka keki kitini nifungue sanduku vizuri.

"Baba," Yhovana akaita, uso ameubandika kwenye kioo. "Kuna nguo za kijani zimeanikwa. Ndiyo kambi?"

Eleuterio akafumbua jicho moja, halafu la pili. Chini yetu palikuwa na uwanja, na paa refu la bati, na bomba la moshi lililopinda shingo.

"Jiko," akasema. Akasimama kabisa, akasahau kwamba yuko angani. "Lile ndilo jiko letu. Lile bomba lilipinda nikiwepo, Sarjenti Ocaña alianguka nalo akimfukuza paka. Na pale nje, kwenye lile karo la kuoshea vyombo, ndipo mahali pangu. Nilikaa pale, mama, pale pale, na kisu changu."

Yhovana alitazama lile karo kwa heshima ambayo sidhani kama lango lingeipata.

Hapo kibanda kikapita kwenye nguzo, kikatikisika kama kawaida yake, na Eleuterio akakumbuka alipo. Akajirusha kukaa. Mimi nilisema "Shemeji, keki," lakini nilichelewa.

Krimu ilikuwa inamtoka pande zote mbili. Eleuterio akatazama mbele kama mtu anayepigwa picha, akamuuliza Mama, "Ilikuwa ya nini ndani?"

"Maziwa ya kuchemsha na nazi," akasema Mama.

"Nahisi."

Yhovana alicheka hadi akakaa sakafuni. Ilibaki nusu moja iliyosalimika, na tukamwimbia aing'ate, kama ilivyo ada, na alipoinama Mama akamsukuma kichwa, kama ilivyo ada pia, akainuka na krimu mpaka kwenye nyusi. Kipande cha kwanza alimpa mzee wa mifagio. Cha pili alimpelekea baba yake, naye akala akiwa amekalia kile kingine.

Hatukwenda bustani ya wanyama wala sokoni. Tulipanda na kushuka mara nne, kwa sababu Eleuterio alikuwa anauelewa mji kutokea juu na hakutaka kuuacha, na kwa sababu Mama na nesi mmoja walikuwa katikati ya mazungumzo ya mawe ya nyongo. Saa kumi Mama akamuuliza polisi njia ya kituo cha mabasi, Eleuterio akasimama kando akisikiliza kwa makini.

Dereva wa basi alimwekea mfuko mtupu wa saruji kwenye kiti kabla hajamruhusu kukaa. Gari lilipoanza kupanda mlima, Yhovana akamwegemea baba yake, akauliza siku ya kwanza jikoni ilikuwaje. Eleuterio akaanza kusimulia: jinsi alivyokabidhiwa kisu butu na gunia, alivyolia siku mbili, na yule Sarjenti Ocaña aliyekuwa akipima unene wa maganda kwa kidole na kulaumu. Alisimulia taratibu, bila bunduki hata moja. Mtoto akalala kabla ya kileleni, lakini yeye akaendelea. Dereva alikuwa amezima redio.

"Samahani, don," dereva akasema, akimtazama kwenye kioo. "Umesema viazi vya watu mia nne, au viazi mia nne?"

"Watu," akasema Eleuterio.

Dereva akapiga mluzi, akapunguza mwendo.