Fundi Nyigu na Mwalimu Wake

Mtaa mzima ulimwita Nyigu, lakini nyuma ya mgongo wake. Usoni aliitwa Fundi, au mama, au "shikamoo mama" iliyovutwa sana na wale ambao suruali zao zilikuwa bado mezani kwake. Mtu ambaye nguo yake haijatoka kwa fundi huwa na adabu kupita kiasi. Aliyethubutu kumwita Nyigu ana kwa ana alikuwa mmoja tu, na huyo ndiye aliyemwoa.

Jina lilimkaa kwa sababu mbili, na zote za haki. Ya kwanza ni kiuno. Enzi za usichana wake alikuwa na kiuno cha nyigu hasa, kile ambacho wanawake wengine walikuja kumwomba awashonee, kana kwamba kiuno hukatwa kwa mkasi. Ya pili ni ulimi. Ulimi hauna mfupa, ndivyo wasemavyo watu, ila wa kwake ulikuwa na sindano. Mteja akileta kitambaa kifupi akataka gauni refu, aliambiwa akaongeze kitambaa au apunguze miguu.

Wakati huo alikuwa bado anafanya kazi kwa shangazi yake, katika chumba cha mbele chenye cherehani mbili zilizotazamana na dirisha la mbao ambalo halikufunga vizuri. Siku moja akaingia kijana mrefu, shati limechomekwa, vumbi la chaki kwenye mikono ya shati, suruali ya kijivu imekunjwa kwapani. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kufundisha Kiingereza katika shule ya mwisho wa barabara. Alitaka suruali ipunguzwe urefu.

"Hii wala si ndefu," yule msichana akamwambia, pini zimemjaa mdomoni. "Unaivalia chini. Ipandishe kiunoni kama watu wazima."

Shangazi alicheka mpaka mshono ukampotea. Kijana akaona aibu, na aibu haina mshauri, akaropoka: "Dada, wewe ni nyigu!"

Pini zikatemwa mezani. "Nani nyigu?"

Kijana akatoka mbio, suruali akaiacha.

Kesho yake akarudi kuomba radhi. Mwanamume mwingine angeleta hata kipande cha sabuni ya kunukia. Huyu alileta somo.

"Dada, jana hukunielewa," akaanza, amesimama kama yuko mbele ya ubao. "Nyigu kwa Kiingereza ni wasp. Ni neno la kale sana. Zamani Waingereza wengine walitamka waps, sauti mbili zimebadilishana viti, na hakuna aliyechapwa kwa ajili hiyo. Kilatini ni vespa. Unaijua pikipiki ya vespa? Basi hiyo nayo ni nyigu, kwa Kiitaliano. Sasa ukilifuata neno nyuma kabisa, kabla ya hao wote, wataalamu wanasema huenda lilitokana na neno la kufuma. Maana nyigu hutafuna mti akatengeneza nyumba yake, nyepesi kama kitambaa. Kwa hiyo mimi nilikuita mfumaji. Ilikuwa sifa."

Shangazi alikuwa ameondoa miguu kwenye kanyagio la cherehani ili asipitwe na neno. Msichana akamtazama yule kijana kuanzia viatu hadi nywele.

"Mimi sifumi," akasema. "Nashona. Kufuma ni kazi nyingine."

Mwalimu hakuzoea kusahihishwa. Hata hivyo akaitikia kwa kichwa. "Ni kweli," akasema. "Hapo nimekosea."

Hapo ndipo alipompenda, Nyigu alikuja kumwambia binti yake miaka mingi baadaye. Wanaume wa kusema "nimekosea" papo hapo, bila kutafuta mlango wa nyuma, walikuwa adimu. Na mapenzi ni kikohozi. Haikupita muda suruali za Mwalimu zikaanza kuchanika kila wiki, tena kwenye mishono iliyokuwa imara kabisa, na shangazi akamwambia waziwazi alete wazee wake kabla hajabaki uchi.

Walipooana, chumba cha mbele cha nyumba yao kikawa chumba cha kushonea. Loo, chumba kile! Harufu ya pasi ya mkaa na kitambaa kipya, kopo la vifungo ambalo binti yao alilifanya njuga, vipande vya nguo chini ya meza kiasi kwamba paka alizaa humo bila mtu kujua. Jioni Nyigu alishona upande mmoja wa meza, na upande wa pili Mwalimu alisahihisha madaftari ya wanafunzi. Kusahihisha kulikuwa ugonjwa wake. Alisahihisha gazeti. Alisahihisha redio, na redio haikumsikia. Mwandika vibao alipoandika jina la duka la jirani akaruka herufi moja, Mwalimu alisimama chini ya ngazi mpaka yule bwana akapanda tena.

Na huku akisahihisha, alisimulia maneno. Kila neno la Kiingereza lilikuwa na babu na bibi, naye aliwajua wote. Nyigu alijibu "mm" tu, kwa sababu ya pini. "Waingereza nao wanasema kiuno cha nyigu," Mwalimu alimwambia jioni moja. "Na mtu mkali wa maneno humpa sifa iliyotoka kwa mdudu huyo huyo. Umeona? Hawakuambiana na babu zetu, lakini wote wameona kitu kimoja."

"Mm," akajibu Nyigu.

"Hunisikilizi."

"Mm."

Kwenye kona ya dirisha nyigu wa kweli walijenga, na Mwalimu alikataa wasichomwe moto. "Hao mafundi wenzako," alisema. Siku mkwe, wakati huo bado mchumba wa binti yao, alipokuja kujitambulisha walimwuma sikio, na badala ya maji baridi akapewa historia ya neno. Masikini akavumilia mpaka mwisho, sikio limevimba. Alimpenda yule binti kweli.

Kisha siku zikaenda, kama ziendavyo. Binti akaolewa, Mwalimu akastaafu, kiuno cha nyigu kikabaki kwenye picha ukutani. Asubuhi moja Mwalimu aliinua kikombe cha chai, kikombe kikaanguka, naye akakifuata. Kiharusi kilichukua mkono wa kulia na maneno yote.

Aliporudi kutoka hospitali, Nyigu alisogeza meza akaweka kitanda palepale chumbani, ili ashone huku akimwona. Daktari alikuwa amesema mgonjwa asiachwe kimya, azungumzishwe kila siku, maana anasikia. Kama maneno yatarudi, hilo hakuliahidi. Mwalimu alilala akitazama dari. Akitazama watu, aliwatazama kama apitaye barabarani anavyotazama nyumba za wengine.

"Mama," binti akamnong'oneza jikoni, "mimi naona baba hata hatutambui tena."

"Nyamaza wewe," Nyigu akasema. Lakini hiyo ndiyo hofu iliyokuwa inamla. Hakuomba mkono upone, hakuomba atembee. Alitaka kitu kimoja: asikie tena sauti ile, hata ikimgombeza, ili ajue kwamba mumewe yumo humo ndani na anamjua yeye ni nani.

Basi akazungumza. Alimsimulia habari za mtaa mpaka zikaisha, na mtaa ule haukuwa na upungufu wa habari. Akawasengenya wateja. Akawasengenya wakwe. Mwisho hakubakiwa na kitu, na hapo, mguu kwenye kanyagio, akaanza kumrudishia maneno yake mwenyewe. Neno baada ya neno, babu zake na bibi zake, yalitoka wapi, yalipita kwa nani. Binti alisimama mlangoni ameduwaa. Miaka yote ile ya "mm", mama yake alikuwa amesikiliza kila kitu.

Asubuhi moja ikafika zamu ya nyigu. Zilikuwa siku za kufungua shule, sare zimejaa mezani, na macho ya Nyigu yalikuwa yamechoka. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, huku akisimulia bila kufikiri. "Walatini wakasema vespa. Na nyuma kabisa, wataalamu wanasema, huenda lilitokana na neno la kujenga, maana nyigu hujenga nyumba."

Kitandani ukatoka mkoromo, kama kiti kizito kinachoburutwa. Nyigu akageuka. Uso wa Mwalimu ulikuwa umejaa jasho, mdomo umepinda, lakini macho! Macho yale aliyajua. Yalikuwa macho ya mtu aliyeona kosa ubaoni na chaki iko mbali.

"Fu..." akasema Mwalimu.

"Fu nini, baba? Sema."

"Fu... ma."

Nyigu alicheka na kulia kwa pamoja, akampigia magoti kitandani, akaushika ule mkono uliokufa akaubusu. "Mimi sifumi," akamwambia. "Nashona." Na nusu ya mdomo wa Mwalimu ikatabasamu. Sindano ilipotelea sakafuni wakati huo, ikaja kuonekana siku chache baadaye, kwenye unyayo wa mkwe.

Kosa lile la kwanza lilikuwa la kweli, la uchovu. Yaliyofuata hayakuwa ya kweli hata moja. Nyigu, ambaye maisha yake yote alijivunia kutokosea hata upindo wa leso, sasa alikosea kutwa nzima. "Haraka haraka ina nini vile? Ina faida nyingi," alisema akipiga pasi, na baada ya kitambo kirefu kitanda kikajibu: "Ha... haina ba... raka." "Haba na haba hujaza ndoo." "Ki... baba!" Alipindua methali, akawabadilishia majirani majina, akaiita Jumanne Ijumaa. Maneno yakawa yanarudi moja moja, yamechoka kama wasafiri, lakini yanarudi. Wageni walidhani ni mama ndiye aliyerukwa na akili.

"Wewe," Mwalimu akamwambia siku moja, akivuta kila neno kwa jasho, "una... kosea... makusudi."

"Na wewe unasahihisha makusudi."

Kosa la nyigu, hata hivyo, alilihifadhi kwa ajili ya asubuhi. Kabla ya chai, yeye alisema kujenga, Mwalimu alisema kufuma, naye alisema sifumi, nashona. Ndivyo walivyosalimiana, na chai ilionekana tamu zaidi baada ya hapo. Iliendelea hivyo mpaka siku moja ya mawingu, ya kawaida tu, ambayo Nyigu alisema kujenga, akangoja.

Ni zamani sasa. Pale palipokuwa na kitanda pamepangwa majora ya vitambaa. Nyigu bado anashona, kwa miwani, polepole, na kwenye kona ya dirisha nyigu bado wanajenga, kwa sababu hakuna mwenye ruhusa ya kuwagusa.

Juzi alikuja mtu mmoja, mpaka rangi wa nyumba, jitu la watu, rangi imemganda kwenye kucha. Alitaka suti ya harusi ya binti yake. Nyigu alikuwa anajitahidi kuuzungusha utepe wa kupimia kwenye tumbo lile, na alikuwa ameshamwambia kwamba kitambaa alicholeta kinatosha kiuno au miguu, achague kimoja.

Mpaka rangi akacheka, mikono ameinyoosha pembeni. "Mama, mimi Mwalimu alinifundisha. Hivi kwa nini alikuwa akikuita Nyigu?"

"Aa, mambo yake ya maneno," Nyigu akasema, macho kwenye utepe. "Kwa Kiingereza ni wasp. Zamani wengine walisema waps. Walatini, vespa. Na nyuma kabisa, huenda lilitokana na neno la kujenga."

Limeshatoka. Hakukusudia; ni mdomo tu uliozoea. Utepe mkononi, bila kujijua akageuza sikio kuelekea kwenye majora. Nyigu mmoja alizunguka dirishani, akatoka nje.

"Samahani, mama," akasema mpaka rangi, kwa sauti ndogo isiyofanana na mwili wake. "Usinichukie. Si kujenga. Mwalimu alisema kufuma. Nilikosea, akanisimamisha mbele ya darasa zima mpaka nikalisema sawasawa."

Nyigu alibaki ameinama pale pale. Miwani ilikuwa imeingia ukungu.

"Mimi sifumi, mwanangu," akasema. "Nashona."

Halafu akamwambia ageuke, ampime mgongo, ili asimwone.