Ng'ombe wa Kauboi Walikuwa wa Nani?

Siku yangu ya kwanza kwenye gari la sinema, pale Kolandoto, nilikabidhiwa kipaza sauti kabla hata sijaiona filamu. Wazazi walikuwa wamefariki, nami nikaacha shule ili niwalee wadogo zangu, Kulwa na Doto. Kazi yangu ilikuwa kufasiri: fundi anazungusha mikanda, mimi nasimama kando ya kitambaa cheupe nikieleza kwa Kisukuma.

Mkuu wetu, tuliyemwita Bwana Sinema, aliniambia, "Hii ya makauboi ni ya kuita watu tu. Ya kilimo cha pamba inafuata. Wakiondoka kabla ya pamba, na wewe usirudi."

Filamu yenyewe ilikuwa ya bei rahisi. Milima ilichorwa kwenye turubai, upepo ukivuma inatikisika. Lakini farasi walikimbia kweli, na mzee mmoja alimzika mkewe bila kusema neno. Hapo sikufasiri kitu, na akina mama walilia.

Mambo yaliharibika Geita. Kijana mmoja katika filamu alishtakiwa kuiba ng'ombe wa tajiri, akaandaliwa kamba ya kunyongwa. Mfugaji mmoja akasimama mbele yangu.

"Ng'wanawane, mwanangu, huyo ng'ombe mwekundu wa pembe moja si tumemwona sasa hivi zizini kwa tajiri?"

"Ndiye, baba."

"Na hapa yuko kwa kijana. Kule nyuma kapita tena! Sasa kaibiwa lini?"

Baadaye fundi alinieleza kwamba watengenezaji walikuwa na ng'ombe wachache, wakawapitisha kila zizi.

"Twendeni zetu," mwingine akapaza sauti, "wanamnyonga mtu bure!"

Watu wakaanza kuinuka. Niliwafikiria Kulwa na Doto. Nikasema, "Jamani, kaeni! Hata mimi sielewi. Kesi hii tutaisikiliza wote baada ya pamba."

Wakakaa. Pamba wakaitazama kimya mpaka mwisho.

Bwana Sinema alifurahi. "Umewaambia nini?"

"Kwamba kuna kesi, bwana."

"Kesi ya pamba?"

"Ya ng'ombe."

"Basi, endelea hivyo hivyo."

Usiku huo huo kesi ikasikilizwa, na wazee walikata shauri kwamba yule mwekundu aletwe akaguliwe alama ya sikioni, nami nikaagizwa kumfuata huko kwa makauboi. Sasa nimestaafu, Kulwa na Doto wana wajukuu, na filamu nyingi nzuri nilizofasiri nimezisahau. Hii mbovu bado inanisumbua: kijana alinyongwa, na mimi siwezi kusema ni kwa ng'ombe wa nani.