Wakia za Muleba

Mwalimu wetu wa hesabu pale Buhembe alikuwa amepima kahawa Muleba kabla ya kushika chaki. Kila alipomaliza kujumlisha alikung'uta vidole, kana kwamba vimeshika vumbi la buni. Mwaka 1956 alikuja inspekta Mwingereza kuamua kama anafaa kubaki, na mwalimu akachagua kukokotoa nguvu inayotoka kiini cha urani kinapopasuka. Akajumlisha uzito wa kiini na nyutroni inayokigonga: 236. Akajumlisha vipande vyote: 236. Akakung'uta vidole.

"Uzito haujapungua; basi hakuna nguvu, mwalimu?" akauliza inspekta.

Mkono ulibaki hewani. Akavitazama vile vidole, kisha akacheka mpaka akaegemea ubao. "Waitu, bwana, hii ni mizani ya Muleba! Kule tuliandika ratili nzima, wakia zilizozidi tukaziacha."

Akarudisha desimali zote alizokuwa ameziacha, mkono umetulia. Uzito uliopotea haukufika sehemu moja katika elfu. Akauzidisha kwa kasi ya mwanga, akazidisha tena, sifuri zikajaza ubao, naye akaendelea kuziandika ukutani. Inspekta alisogeza kiti chake kumpisha.