Niliombewa Niache Pombe Ambayo Sijawahi Kuionja

Admin, ukiposti hii, jina langu libaki kwako. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na moja, sijaoa, natoka upande wa Sosiot. Naishi na mama yangu ambaye haoni. Macho yalimwisha nikiwa mdogo, baba alishakufa, na ndugu wengine sina. Nachuma majani chai, nakamua ng'ombe, napika, na jioni namletea habari za kituo cha kupimia majani. Mama anapenda umbea kuliko ugali.

Sikio la kushoto lilianza kwa kuvuma, mwishowe likazima kabisa. Halafu nikaanza kuyumba. Mchana najikaza, lakini giza likiingia miguu inanikataa, narudi nyumbani nikishikilia ua wa boma. Mama hutambua kila mtu kwa hatua zake. Jioni moja akaniuliza, "Umeanza kunywa?" Nikakataa. "Usinidanganye, kijana yangu. Hizo miguu ni za mlevi."

Nilienda hospitali, nikatumwa mbali kupigwa picha ya kichwa. Daktari akaniambia nina uvimbe kwenye mishipa ya kusikia, masikio yote mawili. "Si kansa. Lakini hiyo ya kulia ndio kubwa, na imeanza kusukuma ubongo. Lazima itolewe, na kwa vile sikio la kushoto limeshakufa, hautasikia tena." Nikamuuliza, na nikingoja? "Ukingoja sana, hatutakuwa tunaongea mambo ya masikio."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua kumwambia mama. Nikakuta sebule imejaa. Alikuwa amemwita pasta na akina mama wa fellowship. "Piga magoti," pasta akasema. "Sema, pombe, nimekuacha." Mama alikuwa ameshika mkono wangu, analia. Mimi ambaye hata busaa sijawahi kuionja, nikasema. Nilikuwa na hasira, nikataka kucheka, nikaishia kulia kama mtoto. Wakashangilia wakisema nimefunguliwa.

Mama alifurahi wiki nzima. Jana nilipoingia nikiyumba, alisikiliza tu hatua zangu. Aliacha chakula akaenda kulala. Iliniuma sana.

Mnaweza kusema nimwambie tu ukweli. Nikiwa kiziwi, nyinyi mtaniandikia kwa simu. Mama hajui kuandika, na mimi nikimwonyesha kwa mikono haoni. Mimi nitaongea na atanisikia. Yeye akisema ana kiu, akisema ameanguka, nani atamsikia katika nyumba hiyo? Nikimwambia, najua atasema nitibiwe, yeye ataishi. Atadanganya, na mimi nitakubali kwa sababu naogopa kufa.

Hospitali wanataka jibu wiki ijayo. Tafadhali, yule anayetaka kuniandikia nimwachie Mungu asijisumbue, magoti nimeshapiga. Naandika hii nikiwa nje na mama ananiita kutoka jikoni, bado namsikia vizuri. Nielekezeni jamani: nikubali kisu nimpoteze hivyo, ama niendelee kumsikia mpaka siku nitakayoanguka?