Kanuni ya Bwana Asifiwe

Mtaniita mwongo, najua, na mmoja wenu ameshaanza kucheka. Cheka tu. Mimi nilikuwepo.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu nilikuwa nikitengeneza vichujio vya barua pepe katika kampuni moja ndogo pale Hurlingham. Ah, siku zile! Madirisha wazi, mijakaranda imechanua nje, chapati kwa madondo mezani, mimi na rafiki yangu Mutua tukibishana neno lipi ni la matapeli. Nikizikumbuka roho inauma. Wakati huo ungedhani matapeli wote wameokoka, maana kila barua ya kuomba pesa ilianza na "Bwana asifiwe". Basi nikaandika kanuni: barua ikianza hivyo na mtumaji hajulikani, iende sanduku la taka. Tukapongezana.

Mutua alitaka kuoa, lakini mama yake kule Machakos alikuwa hajamkubali msichana. Mama hakuwa na simu, na neno kama hilo hakutaka kulipitisha kwa mtu. Alisema atafikiria, kisha atamwandikia barua pepe kupitia saiba ya sokoni, duka la intaneti. Miezi ikapita kimya. Mutua hangeoa bila neno la mama, na msichana alishaanza kuchoka kungoja.

Siku moja saa ya chakula stima ilipotea, kompyuta zote zikazima, nami niko peke yangu. Akaingia mama mmoja, kitambaa cha kanisa kichwani, akaketi kwenye kiti cha Mutua.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Asifiwe sana, mama."

"Kumbe wewe unaitikia! Sasa mbona hiyo mashine yako nikiisalimia inanifungia mlango?"

Nikageuka kumtilia maji ya kunywa. Kugeuka tena, hayupo. Mlango wetu ulikuwa na kengele, na niamini, haikulia.

Stima iliporudi nikafungua sanduku la taka la ofisi yetu. Nikakuta barua kutoka saiba ya Machakos: "Bwana asifiwe, Mutua. Nimemkubali huyo msichana. Mlete nyumbani."

Mutua akaingia. "Nani amekaa kwa kiti yangu? Inanukia mafuta ya mathe, yale mama hujipaka."

Nikamwonyesha barua. Akasoma, akaruka kwa furaha, akampigia dada yake. Nikamwona akiketi polepole. Mama yao alikuwa amefariki asubuhi ile.

Mutua na msichana wake walioana, na binti yao wa kwanza ana jina la nyanya yake. Kanuni ile niliifuta jioni hiyohiyo. Mpaka leo matapeli wananifikia watakavyo, nami nawasoma wote hadi mwisho.

Nawe unayelalamika kwamba fulani amekunyamazia, hebu fungua sanduku lako la taka leo. Fungua kabla hajaja mwenyewe kukuuliza.